Cheti cha Kugusa Kompyuta

Kuna nchi moja, si hii yetu, wala si hiyo unayoifikiria sasa hivi. Jina lake silitaji kwa sababu kulitaja kunahitaji kibali, na ofisi ya vibali iko semina tangu mwezi wa tatu. Niseme tu kwamba ni nchi ya amani, ina bendera, na wilaya yetu ina kompyuta kumi na mbili.

Siku kompyuta hizo zilipofika tulizipokea kwa ngoma. Watoto wa shule walisimama juani tangu saa moja asubuhi. Waziri wa Mambo Mapya alishuka kwenye gari saa nane mchana, akakata utepe uliofungwa kwenye boksi, akahutubia.

"Ndugu wananchi! Kompyuta ni ufunguo, ni mlango, na pia ni nyumba yenyewe! Mwananchi asiyejua kompyuta ni adui wa maendeleo! Serikali yenu sikivu imewaletea kompyuta. Na ole wake atakayezigusa!"

Tulipiga makofi. Mimi nilipiga zaidi, maana nilikuwa nimeshaajiriwa kuzifuta vumbi.

Naitwa Mwasiti. Nimeishia darasa la saba, kwa hiyo mambo mazito siyajui. Najua nilichokiona nikiwa nimeshika dekio. Na kwa kuwa wapo wasomaji ambao ndiyo kwanza wanaanza kompyuta, nitawaeleza mambo ya mwanzo kama yalivyofanyika ofisini kwetu, ili nao wasipate tabu.

*

Watu husema jambo la kwanza ni kuiwasha. Kwetu jambo la kwanza lilikuwa kuifunika.

Mheshimiwa Lufunyo, Mkurugenzi wa Kompyuta wa Wilaya, alimwagiza mkewe afume vitambaa kumi na viwili, vyeupe, vyenye maua ya waridi pembeni, kama vile tunavyofunika redio sebuleni ili mgeni ajue amefika kwa watu wenye heshima zao. Kila kompyuta ikavikwa chake. Kuvua kitambaa kulihitaji barua ya maombi. Barua ya maombi ilitakiwa iandikwe kwa kompyuta.

Basi zikakaa hivyo miezi kumi na minne, safi kabisa. Wageni walikuja kuziangalia wakasaini kitabu.

Hatimaye mji mkuu ukatuletea mwalimu wa siku tatu, dada mmoja mwembamba mwenye begi mgongoni. Wakubwa walisaini mahudhurio, wakakaa, wakasinzia. Mimi nilisimama mlangoni na dekio langu. Hakuna aliyeniambia nitoke, kwa sababu hakuna aliyeona kwamba nipo.

"Hiki kioo ni uso tu," alisema yule dada. "Akili yenyewe imo kwenye hili sanduku chini ya meza."

Mheshimiwa Lufunyo, ambaye alikuwa ameweka miguu juu ya sanduku hilo, aliishusha haraka. Baada ya chai akairudisha.

"Na msiogope kukosea," dada akaendelea. "Ukikosea unafuta. Kompyuta haimkasirikii mtu."

Nchini kwetu hatukuwa na kitu cha namna hiyo. Ofisini kwetu hata mlango wa choo unamkasirikia mtu. Mheshimiwa akanyoosha mkono.

"Mwalimu, kama haikasiriki, sasa nidhamu itatoka wapi?"

Siku ya tatu wakubwa wote walipewa Cheti cha Kugusa Kompyuta, chenye picha ya Waziri. Mimi nikapewa maganda ya karanga nifagie. Mwalimu akaondoka, na yale masanduku ya kompyuta yakabaki yakinguruma chini ya meza. Hayakuzimwa tena. Kila jioni wakubwa walizima kioo, wakaenda zao wakijua wamezima kompyuta.

Kitambaa cha kufutia vumbi kina bahati yake: kinafika popote. Nilifuta kibodi herufi moja moja. Nilifuta kipanya nikikisogeza kushoto na kulia. Ndani ya miezi minne nikawa naifuta intaneti yote.

*

Sasa barua pepe. Yule mwalimu alisema barua pepe inafika yenyewe, unaifungua, unaisoma, unaijibu. Alisahau kumwambia Bwana Chambuso.

Bwana Chambuso ni Afisa Mihuri. Amegonga mihuri kwa miaka thelathini na bega lake la kulia limeshuka. Barua pepe ya kwanza ilipofunguka kwenye kioo aliiangalia kwa huruma.

"Barua isiyo na muhuri ni uvumi," alisema. Akapulizia muhuri pumzi, akaugonga pale pale kwenye kioo. IMEIDHINISHWA, wino wa bluu, na tarehe.

Kesho yake ikaja barua ya pili. Wakaifungua, wakakuta muhuri upo tayari.

"Unaona teknolojia, Mkuu?" Bwana Chambuso alisema kwa sauti ya chini. "Hii imetoka huko huko imeshaidhinishwa."

Wiki ile wilaya yetu iliidhinisha semina iliyokwishapita, taarifa ya wilaya nyingine, na tangazo la dawa ya nywele. Nilipofuta muhuri kwa spiriti nilipewa barua ya onyo kwa kosa la kufuta maamuzi ya serikali, na muhuri ukagongwa upya.

Kisha yakatokea yale maandishi mekundu yanayorukaruka: HONGERA, UMESHINDA GARI, BOFYA HAPA. Mheshimiwa aliyatazama, akaona yameidhinishwa, akabofya. Alikaa stendi siku tatu na bendi ya polisi akisubiri gari lake. Nami nawaambia ninyi mnaoanza: ukiona maandishi yanakupongeza na hujafanya lolote la kupongezwa, usibofye.

Na neno la siri? La ofisi yetu lilibandikwa kwenye ubao wa matangazo, likiwa na nakala kwa ofisi saba. Lilisomeka hivi: *Neno la siri ni serikali1. Ni marufuku kulijua.*

*

Jumatatu moja tangazo jingine likabandikwa ubaoni, na hilo halikunichekesha.

Wenye vizimba wote wa Soko la Kwa Kipanga, vizimba thelathini na kimoja, walitakiwa kujiandikisha kwa intaneti, kila mtu kwa mkono wake mwenyewe, kabla ya Ijumaa saa tisa alasiri. Kizimba kisichoandikwa kitahesabiwa kitupu na kupewa mwekezaji. Mwekezaji alikuwa shemeji yake Mheshimiwa, na asubuhi ile ile nilimkuta sokoni akivipima kwa futi, akimwambia mama yangu asogeze miguu.

Mama yangu ni Bi Mwanaidi, kizimba namba kumi na nne, mchicha na matembele. Ana miaka kumi na tisa pale. Mimi nimeachishwa ziwa chini ya meza ile.

Simu zetu ni za kitochi. Intaneti ya wilaya nzima ilikuwa ofisini kwetu, chini ya vitambaa. Nikaenda kwa Bwana Chambuso.

"Shikamoo, Bwana Chambuso. Wale akina mama wa sokoni waje lini kujiandikisha?"

"Marahaba. Waje hata leo. Waje na Cheti cha Kugusa Kompyuta."

"Cheti wanakipataje?"

"Wanafanya mtihani."

"Mtihani unafanyikia wapi?"

"Kwenye kompyuta, we binti. Ulitaka ufanyikie jikoni?"

"Na bila cheti hawaruhusiwi kugusa kompyuta."

"Sasa umeelewa," alisema, akafurahi kabisa. "Watu wengi hawaelewi utaratibu huu."

"Basi mtu wa kwanza alianzaje?"

Aliangalia mlango, akaangalia picha ya Waziri. "Wa kwanza alipewa cheti cha heshima. Nenda kafagie."

Lakini mimi ukurasa wenyewe nilikuwa nimeshaufuta vumbi. Haukuuliza cheti. Uliuliza vitu vitatu tu: jina, namba ya kizimba, na unachouza.

*

Nilianza Jumanne saa nane, wakati jua linapofukuza wateja. Nilikata boksi la sabuni nikachora kibodi kwa mkaa, herufi kubwa kubwa. Kipanya tukafanya kipande cha sabuni ya mche, kinateleza vizuri juu ya meza ikilowa.

Bi Semeni wa dagaa aliliangalia boksi kichwa kikiwa upande. "Mwasiti mwanangu, mbona herufi hazifuatani? A iko kule, B iko huku. Aliyepanga alikuwa amelewa?"

"Ndivyo zilivyo, Bi Semeni. Usizipange upya, zizoee."

"Nimemzoea mume wangu, nitashindwa hizi?"

Wakacheka hadi wa upande wa mkaa wakaja. Nikawaonyesha kidole cha shahada kikae juu ya kipanya, kwa utulivu, mkono usibane. Kubofya mara moja. Kubofya mara mbili, haraka, kama unavyogonga mlango wa mtu unayejua yumo ndani na anajificha. Hilo walilishika mara moja. Sijui walikuwa wamegonga milango ya akina nani.

"Ukikosea?" Mama aliuliza. Alikuwa hajacheka tangu Jumatatu.

"Kuna kitufe hapa juu kulia, chenye mshale unaorudi nyuma. Unabonyeza, inafuta herufi moja."

"Hawanifukuzi?"

"Kompyuta haifukuzi mtu, mama. Wanaofukuza ni watu."

Mama alikuwa amesoma elimu ya watu wazima, miezi sita tu, mpaka taa ya darasa ilipoibwa. Herufi anazijua ila hupenda kuzitamka. Jumatano alikaa na lile boksi mapajani kutwa nzima, anapima mchicha kwa mkono mmoja, mwingine unatafuta M, W, A. Alhamisi nikamfunika macho kwa mtandio wake nikamwambia aandike jina. Akaliandika lote bila kukosea, kidole kikigonga boksi tup, tup, kisha akashusha mtandio akaniangalia.

"Huu mchezo wako unachafua vidole," alisema. Lakini akaukunja mtandio polepole, kama mtu ambaye hataki kuondoka.

Tulizungumzia na neno la siri pia, kwa sababu kuna kurasa nyingine hulitaka. Nikawaambia lisiwe jina la mtoto, lisiwe namba ya kizimba, na lisibandikwe popote.

"Nitaweka jina la mwanaume wangu wa kwanza," alisema Bi Semeni. "Halijui mtu. Hata huyu wa sasa hajui kama kulikuwa na wa kwanza."

"Umeshatuambia sisi."

"Nimewaambia yupo. Jina je, nimelitaja?"

Huyo alikuwa ameelewa kuliko ofisi nzima.

*

Ijumaa ilikuwa Siku ya Usafi wa Taifa. Siku hiyo wakubwa wote hupiga picha wakishika fagio, kisha huenda kula kuanzia saa sita mpaka saa tisa kasorobo, kwa uchovu. Na siku hiyo nchini kwetu hakuna askari anayemsimamisha mwanamke mwenye ndoo.

Walikuja thelathini na mmoja, wamejifunga kanga kiunoni, kila mmoja na ndoo yake na tambara lake. Mlinzi aliwafungulia geti mwenyewe. "Mpitie na kwenye ngazi," alisema, "pana matope."

"Tutapitia, baba," akina mama wakajibu. Na kweli wawili walibaki kwanza wakapiga deki ngazi. Hatukutaka kusema uongo.

Nikavua vitambaa. Vyote kumi na viwili, bila barua, nikavikunja vizuri juu ya dirisha. Nikabonyeza vioo vikawaka, na chumba kizima kikapata mwanga ule wa bluu. Akina mama wakapandisha mabega.

"Ni boksi lile lile," niliwaambia. "Kaeni."

Wakakaa. Intaneti ya wilaya yetu inatembea kwa miguu; kijiduara kilizunguka, kikazunguka. Hapa ndipo wanaoanza hukosea, hubofya mara ishirini kwa hasira na ndipo inakwama kabisa. Wale walizoea kusubiri mteja tangu alfajiri. Walikunja mikono wakasubiri. Ukurasa ukafunguka.

Saa saba na nusu, wanane wamemaliza. Saa nane na robo, ishirini. Kila mmoja jina lake likipokelewa hutokea neno JINA LIMEPOKELEWA, naye huligusa kwa kidole kwenye kioo, halafu huinuka na ndoo yake. Mama alikataa kukaa kabla ya wenzake. "Wewe ni binti yangu," alisema. "Nikitangulia watasema umenipendelea."

Saa tisa kasoro dakika kumi na saba alikuwa amebaki yeye peke yake. Jina, tayari. Namba kumi na nne, tayari. Alikuwa anaandika *mchicha na matembele* wakati mlango ulipofunguliwa kwa teke, akaingia Mheshimiwa Lufunyo, nyuma yake Bwana Chambuso, nyuma yao shemeji na futi yake.

Mheshimiwa aliviona vitambaa kwanza.

"Nani," alisema, na sauti ikamkatika, "nani amezivua nguo?"

"Mimi, Mheshimiwa."

"Na huyu mama anafanya nini kwenye mali ya umma?"

"Naandika matembele," alisema Mama bila kugeuka.

"Zima! Chambuso, zima kompyuta! Zima intaneti yote!"

Bwana Chambuso alikimbia meza hadi meza akibonyeza vioo. Kimoja kimoja vikawa vyeusi, na cha Mama kikawa cha mwisho. Shemeji akacheka, akavuta futi ikalia. Mheshimiwa akafuta jasho usoni.

"Imekufa," alisema. "Nenda nyumbani, mama. Kizimba namba ngapi?"

Mama hakuinuka. Mbele yake palikuwa na kioo cheusi kilichoonyesha uso wake mwenyewe. Chini ya meza sanduku lilikuwa linanguruma vile vile. Aliniangalia, nami nikaitikia kwa kichwa. Akashusha vidole akaendelea pale alipoishia, bila kuona kitu, midomo ikitamka herufi: b, e, l, e. Tup, tup. Wale watatu walimtazama kama mtu anayezungumza na ukuta.

"Amechanganyikiwa," alisema shemeji.

"Namba kumi na nne," Mama alimjibu Mheshimiwa, na kwa kidole cha mwisho akabonyeza kile kitufe kikubwa cha kulia, kinachotuma.

*

Jumatatu orodha ilirudi kutoka mji mkuu, kwenye karatasi, na muhuri halisi. Majina thelathini na moja. La mwisho lilikuwa la Bi Mwanaidi, saa nane na dakika arobaini na tisa. Mheshimiwa aliomba lifutwe; mji mkuu ukamjibu kwamba kule nako hakuna anayejua kufuta.

Basi akapata kifungu. Jina linabatilika iwapo mwenyewe atakiri kwamba hajui kompyuta. Akachapisha fomu zenye neno SIJUI na mahali pa dole gumba, akawapanga akina mama kwenye korido, akakaa mezani na uso wa upole.

"Mama zangu, mimi sina kinyongo. Weka dole gumba hapo, sema hujui, tusameheane, uende nyumbani. Nani atamfunga mtu kwa kutojua?"

Bi Semeni alikuwa wa kwanza. Aliisoma fomu yote, akairudisha.

"Najua."

"Unajua nini wewe?"

"Kompyuta. Nawe ukitaka nitakufundisha, uje na sabuni."

Wa pili akasema najua. Wa tatu, najua. Mama Tunu wa vyungu, ambaye ana kigugumizi na hazungumzi mbele za watu, alichukua muda mrefu, korido yote ikamsubiri, na neno likatoka zima: najua. Wakaendelea hivyo mpaka kwa mama yangu, naye akalisema huku anafunga kanga yake vizuri, kama mtu anayejiandaa kwenda kazini. Na kweli alikuwa anakwenda kazini. Mchicha haukai.

Nikabaki mimi.

"Mwasiti," Mheshimiwa alisema, "wewe ni darasa la saba. Jambo hili lina akili kubwa kukuzidi. Sema ulitumwa. Taja yeyote, hata wa nje ya nchi. Kesho utafagia kama kawaida."

"Sikutumwa, Mheshimiwa. Niliwafundisha mimi."

"Nani alikufundisha wewe?"

"Nilikuwa nafuta vumbi nyuma yenu."

Mheshimiwa akasimama. "Iandikwe! Mashtaka yaandikwe sasa hivi, kwenye kompyuta, kama sheria inavyotaka!"

Maafisa wote wenye vyeti wakaangalia viatu. Bwana Chambuso, kwa kuwa ndiye aliyekuwa karibu, akasukumwa kitini. Alinyoosha kidole juu ya kibodi, kikabaki hewani. Feni ilizunguka. Nikavuta stuli nikakaa pembeni yake.

"Herufi ya kwanza ni M," nilimwambia. "Chini, upande wa kulia, karibu na koma."

Akaipata.

"W. Juu kushoto, ya pili."

Akaipata ile nayo, akanitazama kidogo, akarudi kwenye kibodi. Ilituchukua saa nzima. Mwishowe yaliandikwa yote: *Mwasiti binti Salehe, mfagizi, darasa la saba, amefundisha kompyuta wanawake thelathini bila kibali.*

"Thelathini na mmoja," nilisema. "Mama yangu yumo."

Akafuta, herufi moja moja, akaandika upya. Kisha akaniinamia, sauti ya chini ili Mheshimiwa asisikie.

"Sasa nafanyaje isipotee?"

Ningenyamaza tu, angefunga ukurasa ule na kosa langu lingetoweka lote, kwa kuwa hakuna mwingine ndani ya jengo lile ambaye angeweza kuliandika tena.

"Peleka mshale pale palipoandikwa Hifadhi," nilimwambia. "Bofya mara moja. Nataka ikae."